Kununua mashine kiwandani Serbia: kuanzia kuikagua kampuni hadi kupakia kontena

Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara wa kwetu Tanzania anayetaka kufuata mashine za kusindika matunda Serbia: vikaushio, vikamulio vya juisi, mashine za kutoa kokwa. Wenzetu wa huko wanalima sana rasiberi na plamu. Miji kama Čačak na Arilje imekausha na kugandisha matunda miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo mafundi wao wanaijua kazi. Mimi hununua vikaushio kwa ajili ya vikundi vya wakulima wa Morogoro, na njia ninayopita ni hii.

Hatua ya 1: Ikague kampuni kabla hujakata tiketi

Mwombe muuzaji namba mbili: matični broj, yaani namba ya usajili yenye tarakimu 8, na PIB, namba ya mlipakodi yenye tarakimu 9. Asiyetaka kuzitoa, achana naye hapo hapo.

Ingia kwenye tovuti ya wakala wa usajili wa biashara, unaoitwa APR. Kutafuta ni bure. Tafuta kwa namba, usitafute kwa jina, kwa sababu Waserbia wanaandika kwa herufi za Kisirili na za Kilatini pia, na jina linaweza kukupotea. Neno *aktivan* maana yake kampuni iko hai. Ukiona *u likvidaciji*, inafungwa. *U stečaju*, imefilisika. Angalia pia nani ni *zakonski zastupnik*. Huyo ndiye mwenye mamlaka ya kusaini, na rekodi inaonyesha kama anasaini peke yake au lazima awe na mwenzake. Meneja mauzo mchangamfu unayeongea naye kwenye simu huenda hana mamlaka hayo.

Halafu nenda kwenye tovuti ya benki kuu yao, Narodna banka Srbije, uangalie kwa namba ile ile kama akaunti za kampuni zimezuiwa kwa ajili ya madeni. Akaunti ikiwa imezuiwa, malipo yako yanaweza kuishia kwa wanaoidai kampuni kabla hata bati la mashine yako halijakatwa. Kuna muuzaji nilimpenda sana: bei nzuri, picha nzuri, anajibu ujumbe usiku. Nilipotafuta namba yake nikakuta akaunti imezuiwa. Dakika tano hizo ziliokoa fedha za kikundi kizima cha akina mama.

Hatua ya 2: Viza na siku za kwenda

Serbia haimo kwenye Umoja wa Ulaya wala Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo viza yake inajitegemea. Kwa sisi wa Afrika Mashariki, anza na ubalozi wao wa Nairobi, na barua ya mwaliko kutoka kampuni unayoitembelea. Kama ndege inapitia nchi nyingine, hakikisha kama pale nako unahitaji viza ya kupita.

Epuka Agosti, watu wako likizo. Epuka pia wiki ya kwanza ya Januari, maana Krismasi ya Kiorthodoksi ni tarehe 7. Na kila familia ina *slava*, sikukuu ya mtakatifu wake. Siku hiyo mwenye kiwanda yuko nyumbani na wageni. Wengi wanaisherehekea tarehe 19 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza

Mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Hoteli inakufanyia yenyewe. Ukipanga nyumba ya mtu, mwenye nyumba ndiye anayekuandikisha, na karatasi unayopewa wanaiita *beli karton*. Itunze.

Fedha yao ni dinari, na kwa miaka kadhaa sasa euro moja imekuwa kwenye dinari 117 hivi. Badilisha kidogo kidogo katika *menjačnica*, duka la kubadilishia fedha, kwa sababu ukitoka na dinari nchini ni shida kuzibadilisha.

Hatua ya 4: Kahawa kwanza

Ukifika kiwandani utaketishwa, iletwe kahawa iliyochemshwa na unga wake kwenye *džezva*, kibirika kidogo chenye mpini mrefu. Usitoe karatasi ya bei. Acha unga utuame, kunywa taratibu, ongea habari za safari na familia. Wenyewe husema *polako*, na kwa maana ni polepole yetu hii hii. Mzee akisikia Tanzania anaweza kuanza habari za Tito, rais wa Yugoslavia ya zamani, aliyezuru kwetu mwaka 1970. Msikilize. Kwake wewe si mgeni mtupu.

Pombe yao ya matunda, rakija, huletwa hata asubuhi. Kama hunywi, weka mkono kifuani, shukuru, sema unatumia juisi. Sema mara moja tu, kwa upole. Sijawahi kuona mtu akikasirika. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida sana mezani, kwa hiyo ndugu Mwislamu aseme mapema.

Ila kahawa isikulevye. Ukisikia *nema problema*, yaani hakuna shida, uliza: lini? Tarehe unayotajiwa, iandike mbele yake.

Hatua ya 5: Jaribu kwa tunda lako

Hapa ndipo nilipoumia. Mashine ya kwanza nilionyeshwa ikikausha plamu, ikatoka safi kabisa, nikalipa. Morogoro tukaweka ndizi mbivu. Vipande vikagandia kwenye trei za chuma mpaka tukavibandua kwa kisu, na vya trei za chini vilikuwa bado vibichi.

Siku hizi nanunua ndizi duka la karibu na kiwanda, naziacha ziive mpaka zipate madoa, nakata mwenyewe kwa unene wa milimita 5, najaza trei zote, sio mbili tu za maonyesho. Nakaa hapo hadi mwisho. Kisha nachukua kipande cha trei ya juu, ya kati na ya chini, navikunja kimoja kimoja. Kinachotoa maji, feni haifikishi hewa. Ndivyo nilivyogundua kwamba nahitaji nyavu za plastiki ya chakula juu ya trei, na wakanitengenezea.

Umeme wao unalingana na wetu, volti 230 na hezi 50. Plagi ndiyo tofauti. Uliza kama mashine ni ya fezi moja au tatu. Vijiji vingi vyetu havina fezi tatu.

Hatua ya 6: Mkataba na malipo

Usishtuke mkataba ukikosa muhuri. Tangu 2018 sheria yao haiilazimishi kampuni kuwa nao. Sahihi ya yule *zakonski zastupnik* wa hatua ya 1 ndiyo muhimu.

Profoma, yaani ankara ya awali, wanaiita *predračun*. Iwe na namba ya forodha ya mashine, vipuri (hita, beringi, sensa ya joto) na kitabu cha maelekezo kwa Kiingereza. Mimi hulipa asilimia 30 kuanza, 70 baada ya jaribio. Namba ya kimataifa ya akaunti (IBAN) ya benki ya Serbia huanza na RS. Ukiletewa kwa barua pepe akaunti mpya, hasa ya nchi nyingine, piga simu kwa namba uliyonayo tangu zamani, usitume kitu.

Hatua ya 7: Mzigo

Serbia haina bahari. Mzigo hushuka kwa lori au reli hadi Bar ya Montenegro, Rijeka ya Kroatia au Thessaloniki ya Ugiriki. Bei ya mlangoni kwa kiwanda huonekana rahisi mpaka ulipie safari hiyo, kwa hiyo omba bei mbili: ya kiwandani na ya melini.

Kabla ya kufunga sanduku, mtumie wakala wako wa forodha Dar profoma hiyo, akuambie kama mashine inahitaji cheti cha ukaguzi wa TBS, shirika letu la viwango, kwa sababu hicho hutafutwa mzigo ukiwa bado huko. Mbao za sanduku ziwe zimepitishwa kwenye joto na kugongwa alama ya ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo. Piga picha ya alama hiyo, ya namba ya mashine, na ya lakiri ya kontena mlango ukishafungwa, umtumie wakala siku hiyo hiyo.