Uwiano wa 1:2:4: kupiga hesabu ya zege la sakafu

Fundi akitaja zege la "moja, mbili, nne" anamaanisha saruji kipimo 1, mchanga vipimo 2, kokoto vipimo 4. Hivyo ni vipimo vya ujazo, wala si vya uzito, na vyote vipimwe kwa chombo kimoja. Saruji ikipimwa kwa karai na mchanga kwa ndoo, uwiano umeshapotea.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3, sakafu yenye unene wa sentimita 10. Wengi huteleza hapa hapa mwanzoni: 4 × 3 × 10 = 120. Mia na ishirini ya nini? Vizio vimechanganywa. Geuza kwanza sentimita 10 ziwe mita 0.1, ndipo uzidishe: 4 × 3 × 0.1 = mita za ujazo 1.2.

Hiyo 1.2 ni ya zege lililokwisha kushindiliwa. Vitu vikiwa vikavu vina nafasi za hewa. Ukichanganya, saruji huingia katikati ya chembe za mchanga, mchanga katikati ya kokoto, na rundo hunywea. Kwa hiyo wakadiriaji huzidisha kwa 1.54. Hapa tunapata 1.848. Anayeruka hatua hii huishiwa zege sakafu ikiwa imefika katikati ya chumba.

Sasa gawanya. Jumla ya sehemu ni 1 + 2 + 4 = 7, na 1.848 ÷ 7 = 0.264. Saruji ni nusu ya mchanga, lakini si nusu ya mchanganyiko: ni moja ya saba. Basi saruji ni 0.264, mchanga 0.528, kokoto 1.056. Zijumlishe, zisiporudi 1.848, kuna mahali umekosea.

Mfuko wa kilo 50 una takriban lita 35, yaani mita za ujazo 0.035. 0.264 ÷ 0.035 ni kama 7.5. Dukani hakuna nusu mfuko, nunua 8.

Kwenye kuchanganya, mfuko mzima ndio uwe kipimo. Mchanga lita 70 ni ndoo tatu na nusu za lita 20. Kokoto lita 140 ni ndoo 7. Hakikisha ndoo ni ya lita 20 kweli kwa kuijaza maji kwa chupa ya lita 1, na usawazishe mdomo kwa ubao. Ndoo yenye kilima inadanganya. Mchanga wenye unyevu nao huvimba, kwa hiyo ndoo ile ile hubeba mchanga pungufu. Maji ni kama lita 25 kwa mfuko, nusu ya uzito wa saruji, na mchanga ukiwa umelowa, punguza.

Ukitaka zege zaidi, zidisha sehemu zote kwa namba moja: 2:4:8. Kuongeza ndoo moja moja kila upande kunaleta 2:3:5, na hilo ni zege jingine kabisa.

Je, una mifuko 6 tu? Rudi kinyumenyume. Mfuko mmoja hutoa lita 35 × 7 ÷ 1.54, takriban 159. Mara 6 ni lita 954, sawa na mita za ujazo 0.954. Gawanya kwa eneo, mita za mraba 12: unene ni sentimita 8 hivi.