Kujiandaa kwa Safari Ndefu ya Baiskeli, Karibu na Nyumbani na Ng'ambo

Thomas Stevens aliondoka San Francisco mwezi Aprili 1884 akiwa juu ya baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele, akafika Yokohama mwezi Desemba 1886, na akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli. Alibeba soksi, shati la akiba, bastola na koti la mvua ambalo usiku lilimfaa kwa hema na matandiko. Kwa hiyo mwenye baiskeli nzima asiahirishe safari kwa kungoja vifaa vya bei kubwa. Linalomhusu zaidi ni kuijua baiskeli yake na kuujua mzigo wake, na hayo hujifunzwa karibu na nyumbani.

Safari ya kwanza iwe ya kulala usiku mmoja tu, umbali wa kilomita 40 hadi 60 kwenda na kiasi hichohicho kurudi, lakini ukiwa umebeba kila kitu ambacho ungekibeba kwa safari ya mwezi mzima. Ukirudi, mwaga mzigo wote sakafuni na utenge ulivyotumia na usivyotumia. Vifaa vya matengenezo, dawa za huduma ya kwanza na nguo za mvua vibaki hata kama hukuvigusa. Vingine vyote visivyotumika viachwe bila huruma, kwa kuwa kila kilo ya ziada itaidai miguu yako nguvu kwenye kila mlima.

Kabla ya hapo, rekebisha kimo cha kiti: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Unapoendesha kwa kukanyagia sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, jambo linalolikinga na maumivu. Vitu vizito vikae chini na karibu na katikati ya baiskeli, na mifuko ya kulia na kushoto ilingane uzito, la sivyo usukani utayumba kwenye mteremko.

Jifunze kuziba pancha ukiwa nyumbani, kwa utulivu. Unapovalisha tairi, weka maandishi yake mkabala na valvu. Siku tyubu itakapotoboka, pima umbali wa tundu kutoka kwenye valvu, nawe utajua ni sehemu gani ya tairi pa kutafuta mwiba. Pitisha vidole ndani ya tairi polepole, maana mwiba ukibaki utatoboa tyubu mpya papo hapo. Kisha kwaruza tyubu kwa msasa, paka gundi nyembamba, ngoja ikauke hadi isiwe na majimaji, ndipo ubandike kiraka. Wengi hukosea hapo pa kungoja.

Njiani, kula kabla ya kuhisi njaa na kunywa maji kidogo kidogo. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kuzungumza bila kuhema, na siku za mwanzo ziwe fupi kuliko unavyodhani unaweza.

Kwa safari ya ng'ambo, hakikisha mapema masharti ya viza na uhai wa pasipoti, kwani nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi 6 mbele. Fahamu pia upande wa barabara unaotumika huko. Baiskeli husafirishwa kwa ndege ndani ya boksi, ikiwa imefunguliwa pedali na usukani umegeuzwa. Pedali ya kushoto ina nyuzi (mizunguko ya skrubu) za kinyume, hivyo hufunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Ukisimamisha spana wima juu ya pedali, pande zote mbili huvutwa kuelekea gurudumu la nyuma. Paka nyuzi hizo grisi kidogo kabla ya kuzifunga tena, na usipakie mtungi wa gesi ya jiko, kwa kuwa hauruhusiwi ndegeni. Nunua mwingine utakapofika.