Kumwangalilia mwanao hewa ya Milano ukiwa Malindi

Hapa Malindi wenye watoto Italia ni wengi, na Disemba ikiingia wazazi huulizana habari za baridi. Mimi binti yangu ana pumu na yuko Milano, kwa hiyo huanza na hewa. Baridi ina koti.

Huku kwetu kaskazi huondoka na moshi. Milano iko katika bonde la mto Po: Alpi zimeliziba kaskazini na magharibi, Apenini kusini. Majira ya baridi upepo hulala siku kadhaa, na hewa ya joto hukaa juu ya ile ya baridi kama kawa juu ya sinia. Moshi wa kuni za majumbani, wa dizeli, na amonia ya samadi inayogeuka chembe hewani, vyote hubaki chini. Chembe hizo, PM2.5, ni ndogo mno. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtoto akikwambia jua linawaka, usiridhike.

Fungua mtandaoni utabiri wa hewa wa Copernicus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuichunguza dunia, chagua ramani ya Ulaya, kisha PM2.5. Utaona saa kwa saa, siku nne mbele. Saa za ramani hiyo si zetu wala za Milano: ukisoma 12:00, Milano ni saa saba mchana, kwetu saa tisa.

Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Ukikuta 40 au 50, tazama na utabiri wa mvua na upepo. Kama vyote havipo, moshi wa leo utalaliwa na wa kesho. Mvua, au upepo mkali wa kutoka milimani, ndiyo huosha.

Siku hizo mtumie ujumbe wa sauti mapema. Mazoezi ya nje aache. Shughuli za lazima azifanye mchana, kwani usiku na alfajiri hewa huwa nzito zaidi. Avae barakoa ya FFP2, ile ya kuchuja chembe, inayobana usoni; ya kitambaa haitoshi. Pampu isibaki nyumbani. Na ule udi tuliomfungia, nakusihi, asiufukize chumba kikiwa kimefungwa madirisha.

Kifua kikimbana na pampu isimsaidie, asingoje ruhusa ya mwajiri. Apige 112.