Kidonda cha Mbwa: Unachopaka Ndicho Anachomeza

Mbwa wa boma akirudi alfajiri na mchano wa seng'enge pajani, wafugaji wengi hukimbilia kikapu cha dawa za ng'ombe. Humo hamkosi spiriti, Dettol, GV (ile dawa ya zambarau ya vidonda) na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Ng'ombe ukimpaka, anaondoka zake malishoni. Mbwa husubiri ugeuze mgongo, hujikunja, akalamba mpaka ngozi ibaki tupu. Basi kabla ya kufungua kifuniko jiulize: hii ningemlisha?

Wapo watakaokwambia mwache alambe, mate ya mbwa ni dawa. Ni kweli mate yana uwezo mdogo wa kuua baadhi ya vijidudu, lakini mdomo huohuo umebeba vijidudu vingine tele, na ulimi unaokwaruza mchana kutwa huchubua nyama changa inayojaribu kuziba.

Dettol, ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa majini, ikilambwa bila kuchanganywa huunguza ulimi na fizi. Paka anayelala na mbwa huyo na kumlamba yuko hatarini zaidi, kwa kuwa ini lake hushindwa kuvunja dawa za jamii hiyo. GV nayo huweza kuacha vidonda mdomoni. Peroksaidi yenye povu humtapisha, na kidondani huua hata nyama yenye afya. Mafuta ya zinki ya watoto yakilambwa siku baada ya siku husumbua tumbo, na zinki ikizidi mwilini huvunja chembe nyekundu za damu.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumwagia dawa ya kuogeshea kidonda chenye funza. Sumu hiyo hupenya kwenye nyama wazi, kisha mbwa anailamba tena. Akianza kutetemeka, kutapika, kuyumba au kulala kama mlevi, hiyo si ya kusubiri kesho. Funza watolewe kwa koleo dogo safi, na mtaalamu wa mifugo achague dawa.

Kwa mchano mdogo, yatosha maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kata manyoya ya pembeni, mwagia taratibu mpaka uchafu utoke. Ukitaka dawa, tumia povidoni iodini (dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia) iliyozimuliwa kwa maji hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi. Halafu mfunge kamba, mpe chakula au tembea naye robo saa hivi mpaka ikauke. Kidonda kirefu, kinachonuka au kilichotokana na kung'atwa kipelekwe kwa mtaalamu.

Kinga bora ya ulimi ni ndoo kuukuu ya plastiki. Toboa kitako kwa upana wa kichwa, zungushia kingo kitambaa zisimkate, kisha ifunge kwenye mkanda wa shingo. Mdomo wa ndoo upite pua yake. Atagonga milango siku ya kwanza na watoto watacheka, baadaye huzoea. Mvue akila, ukiwa umesimama hapo.

Akishailamba dawa, usimtapishe: iliyounguza ikishuka huunguza tena ikipanda. Kama ametulia na chanjo yake haijapita muda, futa mdomo wake kwa kitambaa chenye maji, mpe maji ya kunywa, na umpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa yenyewe ili asome lebo.

Mbwa aliyelamba dawa huweza kudondosha udenda, lakini udenda ni dalili ya kichaa cha mbwa pia. Ikiwa hajachanjwa, au alipigana na mbwa asiyejulikana, au amebadilika tabia, usiingize mkono mdomoni hata kama una hakika alilamba dawa. Mfungie peke yake, mpigie afisa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeguswa na udenda penye mchubuko, aoshe hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.