Mtoto karudishwa shule au kaumizwa: uende wapi hapa Mombasa na ubebe nini

Kila muhula ukifunguliwa huku mitaani stori ni zile zile, mtoto katolewa paredi Jumatatu ati pesa ya mtihani haijalipwa, saa tatu ushamuona na yunifomu yake anazurura Kongowea, na mzazi naye analalamika kwenye grupu ya wasapu halafu anaenda kukopa. Kulalamika si vibaya ila hakumrudishi mtoto darasani. Kinachomrudisha ni karatasi, yaani jambo liwe limeandikwa, lina tarehe na lina stempu, manake maneno ya mdomo ofisini yanasahaulika kabla hujafika getini.

Basi tuanze na hizo pesa. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 29 ndio inaingia ndani zaidi: shule ya umma haitozi karo ya masomo, michango mingine inaweza kuwepo ikiwa waziri amekubali kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini hata ikikubaliwa mtoto hakatazwi kuingia shule kwa kukosa kulipa, na anayepokea pesa lazima atoe risiti rasmi. Hapo kwa risiti pasome mara mbili. (Nazungumzia shule ya umma. Praiveti ni makubaliano yako na wao, na bweni lina gharama zake.)

Sasa shuleni usiende na hasira, na usimvamie mwalimu wa darasa, yeye katumwa tu. Nenda asubuhi paredi ikiisha, omba kumuona mwalimu mkuu, msalimie vizuri kisha umwambie hivi: "Mwalimu, mimi kuchangia sikatai nikijaliwa, ila naomba uniandikie kwa karatasi ya shule kwamba mtoto wangu karudishwa kwa sababu ya shilingi kadhaa za kitu fulani, uweke sahihi na stempu." Kisha nyamaza, usiongeze neno. Ni walimu wakuu wachache sana watakaoiandika hiyo karatasi, na mara nyingi utasikia "aa mama, mwache mtoto aingie darasani tutaongea". Ashaingia, mambo yameisha.

Akikataa yote mawili andika barua yako mwenyewe, ukurasa mmoja unatosha, hata kwa mkono: jina la mtoto na gredi yake, tarehe aliyorudishwa, pesa ngapi na za nini, nani alimwambia atoke, na unachotaka ni arudi darasani. Piga fotokopi, ile orijino wachie sekretari na kopi yako igongwe stempu ya kupokelewa. Hiyo kopi ndio unaenda nayo ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, iwe Kisauni, Likoni, Changamwe, popote ulipo. Watu wengi hapa wanapotea njia wanakimbilia kwa MCA (mwakilishi wa wodi) au ofisi ya gavana, wanazungushwa wiki nzima, kumbe kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi, shule ya msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu. Kwa MCA nenda ukitaka basari.

Fimbo nayo. Najua wengine tutabishana hapa, ati sisi tulichapwa na tukawa watu, sawa, lakini ile Sheria ya Elimu ya Msingi kifungu cha 36 inakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kiakili, na adhabu yake inafika faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha miezi sita au vyote viwili. Mtoto akirudi na alama piga picha siku hiyo hiyo, mpeleke zahanati aandikiwe, ndio uende kwa mwalimu mkuu na kopi. Wakikufanyia mzaha peleka TSC, tume ya kuajiri walimu, wale wana uwezo hata wa kumfuta mwalimu kwenye orodha yao, na kituo cha polisi pia hujakatazwa kwenda.

Kuna yule mtoto ambaye shule yenyewe haioni. Kaletwa kutoka mashambani ati atakaa na shangazi asomeshwe, wenzake wa nyumba ile wanapanda tuktuk ya shule yeye anafua na kubeba mtoto mgongoni, au jioni anatumwa kuuza viazi karai stejini mpaka usiku. Hapa maoni yangu ni usianze na polisi, kwa sababu mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe hana kitu, na yeye akifungwa huyo mtoto atalala wapi. Anza na mzee wa mtaa, yeye anajua kila nyumba, akupeleke kwa chifu. Mzazi au mlezi asiyepeleka mtoto shule anavunja sheria, chifu analijua hilo na akimwita mtu wengi husikia. Yasiposikika nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, huduma ni bure, afisa akikuitisha pesa ya fomu ujue hiyo ni ya mfuko wake. Kama unaogopa majirani watajua ni wewe piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure na saa yoyote wanapokea. Lakini ukiona anapigwa au ananyimwa chakula basi usisubiri mzee wa mtaa, piga simu sasa hivi.

Kwa haraka haraka mengine. Cheti cha kuzaliwa kama hakuna, anza kukifuatilia leo kwa kutumia kitabu cha kliniki, na kama alizaliwa nyumbani pitia kwa chifu msaidizi. Msichana aliyepata mimba anaruhusiwa kurudi shule, mwongozo wa wizara upo tangu 2020, mwambie mwalimu mkuu autoe kabatini. Mtoto mwenye ulemavu usimfiche ndani, ulizia ofisi ya elimu wakuelekeze kituo cha kumpima, na shule zipo hapa hapa: Ziwani ya viziwi, Likoni ya wasioona, Port Reitz ya wenye ulemavu wa viungo, Tom Mboya ya wenye mtindio wa ubongo.

Kubwa kuliko yote ni mtoto akinajisiwa. Sikiza vizuri manake hapa saa ndio zinahesabiwa. Usimwogeshe, najua mkono unakwenda kwenye maji wenyewe lakini usimwogeshe. Nguo alizokuwa nazo zivue uzitie kwenye bahasha ya khaki au uzifunge na gazeti, usitumie nailoni, zikipata unyevu ushahidi unaharibika. Hospitali kwanza, kituo cha polisi baadaye, na mtu asikwambie lete OB (namba ya kitabu cha matukio cha polisi) ndio utibiwe. Coast General wana kitengo cha kuhudumia waliodhulumiwa hivi. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72, ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi. Hakikisha daktari amejaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa, na wewe umebaki na kopi. Kutoka hapo nenda kituo cha polisi, dawati la jinsia, uandikishe, namba ya OB iandike na uipige picha, ndio upewe P3, fomu ya polisi ya kujazwa na daktari kuhusu majeraha.

Halafu watakuja. Wazee wa pande zote, na juisi na maneno matamu, ati tuyamalize nyumbani, ati mnaona aibu ya familia, na bahasha ina kitu. Waambie kwa adabu kwamba hayako mikononi mwako, na si uongo, kesi ya namna hii ni ya serikali na mwenye uwezo wa kuisimamisha ni DPP (mkurugenzi wa mashtaka ya umma), si baba wa mtoto wala mwenye nyumba. Wakisema hakuna shahidi usibabaike, kwa makosa haya mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika anasema kweli na ikaandika sababu. Na adhabu si ya mchezo, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inampa kifungo cha maisha aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini.

Kesi za matunzo na ulinzi wa mtoto zinasikizwa mahakama ya watoto Tononoka, ila ya mtu mzima aliyeshtakiwa kunajisi inaweza kuwa mahakama ya Mombasa au Shanzu, kwa hivyo muulize afisa anayechunguza ni koti gani na namba ya kesi ni ipi. Zitaahirishwa, hilo ulijue mapema. Kila ikiahirishwa pata tarehe mpya kwa karani siku hiyo hiyo kabla hujatoka, uiandike kwenye faili yako unapoweka kopi ya PRC na namba ya OB.