Lundo la mboji uani: lipime kwa fimbo na ngumi

Chagua mahali penye kivuli pasipotuama maji, upande wa migomba kwa mfano. Lundo liwe mita 1 kila upande na kimo hichohicho. Likiwa dogo zaidi joto linatoroka, na takataka zinakauka tu bila kuoza.

Tifua ardhi, tandaza mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 20, ili hewa ipite chini. Juu yake panga tabaka: madebe 3 ya majani na nyasi kavu, debe 1 la vibichi (maganda ya ndizi, mabaki ya mchicha, magugu yasiyo na mbegu), nusu debe la samadi, koleo 1 la udongo wa juu. Rudia hadi kimo kitimie. Nyunyizia maji kila tabaka. Ukisubiri kuyamwaga mwishoni yatateremkia pembeni na katikati patabaki pakavu. Kosa hili ndilo linaloua malundo mengi. Majivu ya jiko yawe kama chumvi kwenye mboga, kwani yakizidi hufukuza naitrojeni ya samadi.

Usitie nyama, mifupa wala makombo yenye mafuta, panya watahamia. Kinyesi cha mbwa na paka kikae mbali, na nyanya zilizokufa kwa mnyauko pia. Ndago, gugu lile sugu, ianikwe juani hadi ife kabisa.

Choma fimbo ndefu kwa mshazari hadi kitovu cha lundo, iache humo, funika kwa majani ya mgomba. Siku ya 5 ichomoe. Ikiwa ya moto hata huwezi kuing'ang'ania, kazi inaenda. Ikitoka baridi, kavu, na ukungu mweupe, ongeza maji. Ikinuka mayai viza, maji yamezidi na hewa hakuna: pindua ukichanganya mabua. Harufu ya mkojo inayowasha pua ni vibichi au samadi kuzidi, ongeza vikavu.

Pindua baada ya wiki 3, ya nje yaingie ndani, kisha tena wiki 3 baadaye. Kila mara kamua konzi moja ya lundo: tone moja au mawili ya maji yatosha.

Baada ya miezi 3 au 4 lundo litakuwa limepungua nusu, jeusi, lenye harufu ya udongo ulionyeshewa. Bado usiliamini. Jaza kopo, panda mbegu za mchicha. Miche ikitoka ya njano au isipotoka, liache wiki 3 zaidi.