Kuozesha majani ya mimea yenye sumu

Olianda, mbarika na mnyaa zikishapogolewa, matawi yake mara nyingi hutupwa nje ya ua, mahali ambapo mbuzi hupita. Ni afadhali yaingie katika mboji, kwa kuwa vijidudu vya lundo lenye joto na hewa ya kutosha huivunjavunja sumu ya majani kama vinavyolivunja jani lenyewe. Hatari iko kabla ya hapo.

Hatua ya 1. Vaa glavu na nguo ya mikono mirefu. Ukikata mnyaa, kinga na macho, maana utomvu wake mweupe huyaunguza vikali. Ukikurukia, osha kwa maji mengi papo hapo, kisha nenda kituo cha afya.

Hatua ya 2. Ondoa mbegu zote za mbarika, kwani ndizo zenye risini, sumu kali, kwa wingi, na lundo lisilopata joto huziacha zikaota. Vipande vya mnyaa vianike ndani ya uzio mpaka vivunjike vikavu, kwa sababu kikinyauka tu bado huchipua.

Hatua ya 3. Katakata majani, hasa ya olianda ambayo ni magumu, uyachanganye na majani ya kawaida yaliyo mengi zaidi, samadi na maji kiasi.

Hatua ya 4. Chomeka kijiti kirefu kwa mshazari hadi katikati ya lundo. Ukikichomoa baada ya siku chache kikawa cha moto na chenye unyevu, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, mwagia maji. Kikiwa baridi na kimelowa, geuza lundo, ya nje yaingie ndani. Joto linalofaa ni nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi.

Maswali ya wanachama

Je, si rahisi zaidi kuyachoma?
Hapana. Moshi wa olianda nao una sumu.

Naweza kuiweka mboji hii kwenye mchicha?
Ndiyo, ikiwa imeiva, yaani imepoa, inanukia udongo na hakuna jani linalotambulika. Ukiona hata kipande cha olianda, irudishe kwenye lundo.

Majani yakishakauka, mbuzi wakila watadhurika?
Watadhurika. Olianda iliyokauka hubaki na sumu inayovuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo zungushia lundo uzio tangu siku ya kwanza.